Tabia ya Mtu na Tabia ya Nchi

Bibi mmoja wa Pangani, aliyenikaribisha barazani kwake kwa kahawa na kipande cha mkate wa kumimina, alikuwa na wajukuu wawili wa kiume, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, waliopishana mwaka na miezi michache, wakalala mkeka mmoja, wakala sinia moja, wakachapwa kwa ufito mmoja. Walakini haikuchwa siku ila yeye alistaajabu kwamba wawili hao wametoka tumbo moja. Alasiri ile mvuvi jirani alileta ndoo yenye pweza aliye hai bado. Mdogo wa wale watoto hakungoja ruhusa, alitumbukiza mkono hadi kisugudini, akautoa umezongwa na minyiri, akapiga kelele za furaha zilizomwamsha paka. Mkubwa wake alijibanza nyuma ya nguzo, akauliza kwanza kama pweza huuma, kisha akauliza amepata kumwuma nani, kisha akauliza yule aliyeumwa alifanywaje. Bibi akanigeukia kana kwamba kosa ni langu. "Haya, mwanangu, wewe uliyesoma," akasema, "huyu ni wa hari na yule ni wa baridi, na wote nimewalea kwa mkono huu mmoja. Tofauti hii imetoka wapi?"

Maneno yake hayo, hari na baridi, hayakuwa ya kubahatisha. Tiba ya kale ya pwani, iliyoanzia Yunani na kutufikia kwa mikono ya matabibu wa Kiislamu, Ibn Sina akiwa mashuhuri wao, ilimhesabu mwanadamu kuwa ni mchanganyiko wa tabia nne, hari na baridi, yabisi na rutuba, na siha yake kuwa ni mizani baina ya hizo nne. Hata leo mzee wa mji atakwambia usile kitu fulani jioni kwa kuwa ni cha baridi, naye hana habari ya kitabu chochote. Na neno tabia lenyewe, ambalo kwa Waarabu lina maana ya maumbile, sisi tumelipa kazi mbili kwa ujira mmoja: twasema tabia ya mtu, yaani mwenendo aliozaliwa nao na kuzoea, na twasema tabia ya nchi, yaani mwenendo wa jua, mvua na pepo za mahali mwaka hata mwaka. Zamani niliona kuwa mkutano huo wa maana mbili katika neno moja ni ajali tu ya lugha. Baada ya kusoma kwa miaka kadhaa habari za wanaochunguza urithi wa viumbe, naona kwamba lugha yetu, bila ya kukusudia, ililiweka jawabu la bibi karibu sana na mkono wake.

Swali lake, imetoka wapi, limekwisha jibiwa kwa kiasi kikubwa, na aliyefungua njia ni Francis Galton, binamu yake Charles Darwin, ambaye mwaka 1875 alitoa rai kwamba atakaye kujua nguvu ya asili na nguvu ya malezi na awatazame pacha. Wako Kulwa na Doto waliotokana na yai moja lililogawanyika, hao wana urithi mmoja. Na wako Kulwa na Doto wa mayai mawili, ambao kwa urithi hawazidi kufanana kuliko ndugu wowote wa tumbo moja. Ikiwa wale wa kwanza hushabihiana kwa tabia kuliko wale wa pili, ilhali wote hulelewa nyumba moja, basi urithi una mkono wake humo. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lilikusanya takriban kila utafiti wa pacha uliofanywa kwa miaka hamsini, jumla ya jozi zaidi ya milioni 14, na wastani wa mambo yote yaliyopimwa, tangu kimo cha mwili hata huzuni ya moyo, ukawa kwamba asilimia 49 ya tofauti baina ya watu yatokana na vinasaba vyao. Na tabia, ukizitenga peke yake, haziko mbali na hapo. Huko Minnesota, Marekani, Thomas Bouchard alianza mwaka 1979 kuwatafuta pacha waliotenganishwa wachanga na kulelewa mbalimbali, na wale wa yai moja walionekana kufanana kwa tabia karibu sawa na wenzao waliolelewa pamoja, jambo ambalo mzazi aliyetumia ufito kwa miaka ishirini hapendi kulisikia.

Hapa pana mtego ambao hata waliosoma hunasa. Kusema kwamba karibu nusu ya tofauti za tabia ni za urithi si kusema kwamba nusu ya mtu imetoka kwa wazazi wake na nusu imetoka kwa jirani. Chukua vyungu kumi vya wali wa nazi vilivyopikwa na wapishi kumi: ukiuliza ladha ya chungu kimoja yatokana na mchele kiasi gani na tui kiasi gani, swali halina maana, kwa kuwa bila ya kimoja hapana wali wa nazi, lakini ukiuliza mbona chungu hiki kimepita kile kwa utamu, ndipo unapoweza kusema ni tui, kwani mchele wote ulitoka gunia moja. Hesabu za pacha ni hesabu za tofauti za vyungu. Na ndugu wawili wa Pangani hawakutoka gunia moja kwa maana kamili, maana kila mtoto hupokea nusu ya urithi wa baba na nusu ya urithi wa mama, na nusu hizo huchanganywa upya kila mara, mithili ya karata zinazogawiwa tena kutoka fungu lile lile.

Hata hivyo swali la bibi lina dada yake mkubwa, gumu kuliko yeye, nalo si tofauti imetoka wapi, bali ni mbona imebaki. Bibi akipepeta mchele kwa ungo, kwa muda mfupi makapi hutoka na mchele husalia. Akiendelea kupepeta tangu alfajiri hata magharibi nawe ukaja ukakuta ungo una makapi nusu na mchele nusu, utajua pana jambo. Uteuzi wa kimaumbile alioueleza Darwin mwaka 1859 ni upepetaji wa namna hiyo: wenye sifa inayowafaa huacha dhuria wengi zaidi, wasio nayo hupungua, na Ronald Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1930, alionyesha kwa hesabu kwamba uteuzi huo hutumia tofauti za urithi kama moto utumiavyo kuni, hata zikaisha. Wanadamu wamepepetwa kwa maelfu ya vizazi. Ikiwa ushupavu ni bora kuliko hadhari, mbona wenye hadhari wangali wako nyuma ya nguzo? Na ikiwa hadhari ni bora, nani huyu aliyeingiza mkono ndooni?

Wapo wanaojibu kwamba ungo haujali, yaani tabia hazina faida wala hasara kwa uzazi, hivyo tofauti zake huelea tu. Jawabu hili silikubali, wala sidhani kuna mama wa mtoto mkorofi atakayelikubali, kwa kuwa tabia ya mtu hugusa anayemwoa, anayegombana naye, chombo anachopanda na ugonjwa anaoficha.

Jawabu la pili lina uzito. Katika kisiwa cha Pate, mji wa Siyu ulipata sifa kwa waandishi wake wa hati, na yeyote aliyewahi kushika miswada ya kale ya pwani ajua kwamba hata mwandishi hodari, akinakili utenzi mrefu usiku kwa taa ya mafuta, huruka mstari hapa na kuzidisha nukta pale, na nakala ya nakala yake hurithi kosa hilo na kuongeza lake. Urithi wetu umeandikwa kwa herufi kiasi cha bilioni tatu kutoka kwa kila mzazi, na kila mtoto huzaliwa na makosa mapya ya kunakili yapatayo 60 au 70 ambayo hayamo katika vinasaba vya baba yake wala mama yake. Mengi hayadhuru kitu. Lakini maadamu ubongo hujengwa kwa maelfu ya jeni, makosa mengi yana mahali pa kuangukia, na uteuzi huyafuta taratibu ilhali mapya yanaingia, hata pakawa na mizani baina ya mfutaji na mkosaji. Kwa rai hii tofauti zetu za tabia ni vumbi ambalo ufagio haujalifikia bado, na tabia iliyo bora iko mahali fulani, nasi sote tumeikosea kidogo, huyu kwa upande huu na yule kwa upande huu mwingine.

Jawabu la tatu ndilo lililonifanya nilitazame upya neno letu la tabia, na ushahidi wake ulio mzuri kupita wote haukutoka kwa watu, umetoka kwa ndege. Karibu na mji wa Arnhem, Uholanzi, katika msitu uitwao Westerheide, huishi ndege mdogo mwenye kichwa cheusi, mashavu meupe na kifua cha manjano, ambaye wataalamu humwita Parus major. Niels Dingemanse na wenzake walikuwa wakiwanasa ndege hao porini, wakiwalaza usiku mmoja, na asubuhi wakimfungulia kila mmoja, peke yake, chumba kidogo ambacho hajapata kukiona, chenye miti mitano ya bandia. Kisha hukaa kimya na kuhesabu, kwa muda wa dakika mbili, ameruka mara ngapi kutoka mti hadi mti na kutoka tawi hadi tawi. Wako waliozunguka miti yote kabla mtazamaji hajakaa sawasawa. Wako waliotua tawi la kwanza wakabaki hapo, wakigeuza shingo kulia na kushoto, kama mtu aliyeingia msiba asioujua ni wa nani. Baada ya hapo huachiwa msituni kwao. Tabia hizo mbili, ya wepesi na ya uzito, hudumu kwa ndege yule yule kila apimwapo, nazo hurithiwa: watafiti walipooza wepesi kwa wepesi na wazito kwa wazito kwa vizazi vinne, makundi mawili yakaachana, na hesabu ya urithi ikatoka asilimia 54. Unaweza kuona kuwa chumba kile cha miti mitano na ndoo ile ya pweza ni kitu kimoja.

Kisha wakangoja, na kungoja huko ndiko kulikoleta faida. Kwa miaka mitatu waliangalia nani amevuka majira ya baridi na nani amekufa, na katika taarifa yao ya mwaka 2004 walieleza jambo ambalo mtu asiye na subira angeliita fujo. Chakula cha ndege hao wakati wa theluji hutegemea kokwa za miti mikubwa ya msitu, na miti hiyo haina ahadi, mwaka huu hujaza ardhi na mwaka ujao haitoi kitu. Katika mwaka wa uhaba, majike wepesi walinusurika kuliko majike wazito, kwa kuwa hugombea chakula kwa ubabe. Lakini kwa madume mambo yalikuwa kinyume, wazito ndio waliopona. Ulipokuja mwaka wa neema, mezani pa chakula pakawa na nafasi kwa kila mtu, ndege wengi wakavuka baridi, na walipotoka upande wa pili wakakuta msitu umejaa na madume wanapigania viwanja vya kujengea viota. Hapo madume wepesi wakapata na majike wazito wakapata. Kabla mmoja hajamfuta mwenzake, mwaka umegeuka. Ungo ulikuwa ukipepeta kweli kweli, ila mkono uliokuwa ukiutikisa ulikuwa ukibadili upande.

Afrika Mashariki inayo tamthili yake ya mizani kama hiyo, iliyo ya zamani zaidi na ya machungu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona kwamba alama ya ugonjwa wa selimundu ni nyingi kwa wenyeji wa pwani na wa kando ya Ziwa Viktoria, na ni chache kwa wenyeji wa nyanda za juu zenye ubaridi, na mwaka 1954 akaeleza sababu: aliyerithi jeni ile kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria, na aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye auguaye. Mbu wakiwapo, jeni hubaki. Mbu wasipokuwapo, hufifia. Hapo pia ni tabia ya nchi iliyoamua. Na pengine si nchi inayogeuka, ni wenzako: katika jimbo la California Barry Sinervo na Curtis Lively walieleza mwaka 1996 habari za mijusi ambao madume yao wana koo za rangi tatu, wa chungwa akimpokonya wa buluu kwa nguvu, wa manjano akimwibia wa chungwa kwa kujifanya jike, na wa buluu akimfukuza wa manjano kwa kumlinda mkewe; kila rangi inapozidi ndipo inapozaa adui yake.

Je, kwa binadamu? Daniel Nettle, Mwingereza, alitoa hoja mwaka 2006 kwamba hakuna tabia isiyo na bei yake, na kwamba mtu mchangamfu, kwa mfano, hupata wapenzi wengi zaidi na pia hulazwa hospitali kwa ajali zaidi. Alexandra Alvergne na wenzake walikwenda vijiji vya Senegali, ambako ndoa ni za mitala na watoto ni wengi, na mwaka 2010 wakaeleza kwamba wanaume wachangamfu kupita wastani walikuwa na watoto zaidi kwa asilimia 14, na kwamba wanawake wenye wasiwasi kupita wastani, ambao sote tungewaonea huruma, walikuwa na watoto zaidi kwa asilimia 12, ingawa watoto wa akina mama wenye wasiwasi walielekea kuwa wembamba. Wingi huku, unene kule. Napenda utafiti huo kwa kuwa haumpi mtu ushindi. Lakini hodari wa kupima tabia wasitudanganye kwamba mizani yao imetoka mbinguni: zile tabia kuu tano wanazozitumia, uchangamfu, wasiwasi, upole, utaratibu na udadisi, zilipatikana kwanza kwa kuchambua maneno ya kamusi za Kiingereza, na wachunguzi walipozitafuta kwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa msitu wa Bolivia, taarifa yao ya mwaka 2013 ilisema hawakuziona tano hizo, waliona mbili tu, wema kwa watu na bidii ya kazi. Sijui kamusi ya Kiswahili ingetoa ngapi. Nadhani ingetoa moja kwa ajili ya majivuno peke yake.

Kaskazini mwa Kenya, kwenye mteremko wa mlima Marsabit na mbuga zilizouzunguka, wanaishi Waariaal, watu waliounganisha damu na lugha za Wasamburu na Warendille, wakafuga ngamia na ng'ombe. Baadhi yao wangali wakihama na mifugo, na wengine, tangu miaka ya 1970, wametua mlimani Songa wakalima mahindi na mboga. Hawa na wale ni ndugu, walioachana juzi kwa kipimo cha mageuko. Dan Eisenberg na wenzake waliwapima wanaume wa pande zote mbili, na kutazama jeni iitwayo DRD4, ambayo ina kazi ya kupokea dopamini ubongoni na ambayo kwa watu fulani huwa na kipande kilichorudiwa mara saba, umbo ambalo baadhi ya wataalamu walilihusisha na kupenda mambo mapya na kutotulia. Taarifa yao ya mwaka 2008 ilisema kwamba kwa wanaohama, wenye umbo hilo walikuwa na miili iliyoshiba zaidi kuliko wenzao. Kwa waliotua, wenye umbo lile lile walikuwa wembamba zaidi. Mtu asiyetulia, nyuma ya ngamia, hushiba. Mpe jembe na kiti cha darasani, akonde.

Hadithi hiyo ni nzuri mno, nami uzuri wake hunitia wasiwasi. Wanaume waliopimwa hawakufika mia mbili, na habari za jeni moja kutawala tabia moja zimekufa nyingi katika miaka iliyofuata, kwa kuwa zilipopimwa upya mbele ya watu wengi hazikuonekana. Mwaka 2018 vinasaba vya watu 449,484 vilichunguzwa kuhusu tabia ya wasiwasi peke yake, zikapatikana sehemu 136 zinazohusika, kila moja ikisukuma kwa nguvu isiyofikia pumzi ya mtoto. Na Karin Verweij na wenzake, mwaka 2012, waliuliza swali letu hili hili moja kwa moja kwa kupima zaidi ya watu 8,000: ikiwa tofauti hutunzwa na mizani ya majira, basi jeni zake zingekuwa za kawaida, zilizoenea kwa wengi, lakini jeni za kawaida zilieleza kati ya asilimia 4 na 10 tu ya tofauti, chini sana ya hesabu za pacha. Wakaona kwamba sehemu kubwa iliyosalia yaelekea kutokana na makosa ya nadra ya kunakili, na hoja ya mwandishi wa Siyu ikapata nguvu.

Wengine wamelichukua hilo kuwa hukumu ya mwisho. Mimi naona kwamba makosa ya kunakili ndiyo yaletayo bidhaa sokoni, na majira ndiyo yapangayo bei, na sioni kwa nini muuzaji na mnunuzi wasiwepo siku moja. Kosa lililo adimu leo, likimfaa aliye nalo mwaka wa njaa na kumdhuru mwaka wa shibe, litaishi muda mrefu kuliko kosa lidhurulo kila mwaka, na katika muda huo watoto wengi watakuwa wamezaliwa nalo.

Nilimweleza bibi haya kwa kadiri nilivyoweza, nikawaacha mijusi kwa sababu ya heshima, nikakaza habari za ndege wa Uholanzi na miti mitano. Alisikiliza huku akikung'uta makombo ya mkate kwenye kanga. Hakuuliza habari za jeni wala za pacha. "Na mwaka huu, mwanangu," akauliza, "ni wa kokwa au wa njaa?" Nikatazama mto, ambako upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuyakunja maji, nikawa sina la kusema. Mvuvi alikwisha mtoa pweza, anampiga juu ya jiwe apate kulainika, na mdogo wa wale watoto alikuwa akiililia zamu yake. Mkubwa wake akatoka nyuma ya nguzo hatua mbili, akainama, akamgusa pweza kwa ncha ya kidole, akamwuliza mvuvi, "Huyu ni wa kike au wa kiume?"